Kupunguza Uzito Pasipo Kuumiza Mwili wala Ndoa



Wapendwa wanandoa, siku ya arusi yenu mlisimama mbele ya padre na mashahidi, mkaahidiana kutunzana katika afya na katika ugonjwa. Wengi huikumbuka ahadi hiyo mmoja wao anapolazwa hospitalini. Ni vizuri, lakini utunzaji wa afya huanza mapema zaidi, nao hufanyika hasa jikoni na mezani, siku za kawaida ambapo hakuna aliye mgonjwa. Kwa sababu hiyo somo letu safari hii linahusu kipimo cha chakula cha kila siku kwa mume au mke anayetaka kupunguza uzito polepole na kwa usalama.

Kwa nini jambo hili ni la ndoa

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulipofanywa, walikuwa wamefika theluthi. Mijini hali ni nzito kuliko mashambani, na sababu zake twazijua. Mtu anayeishi Kangemi, Uthiru, Kawangware au Dagoretti hupanda matatu alfajiri, akakaa katika msongamano, akakaa tena ofisini au dukani katikati ya jiji mpaka jioni, kisha akarudi akiwa amekaa vilevile. Njiani kuna chipsi, mandazi, smoki na soda kila hatua chache. Wazazi wetu walikula ugali mkubwa, lakini waliulima kwa jembe na kuutembelea mbali.

Uzito unaozidi huongeza hatari ya ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, tena huumiza magoti na mgongo. Magonjwa haya hayaingii kwa mtu mmoja tu. Huingia katika nyumba nzima. Hula karo ya watoto, huwachosha wenye ndoa, na hupunguza hata furaha ya chumbani.

Zaidi ya hayo, mila zetu zimeufanya unene kuwa lugha. Kitambi cha mume huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mkewe anajua kupika. Mke akinawiri, watu husema bwana anamtunza. Mume akianza kupungua, jamaa zake huuliza kama analishwa. Mke akipungua, majirani hunong'ona kwamba ana ugonjwa au ndoa ina taabu. Basi anayetaka kupunguza uzito akiwa peke yake hupigana na njaa, na hupigana na maneno ya watu pia. Kama mwenzi wake hayuko upande wake, atashindwa.

Jambo la kwanza: ulimi

Kabla ya kupima chakula tupime maneno. Kuna mume ambaye wageni wakija hufanya mzaha kwamba kiti cha nyumbani kimevunjika kwa sababu ya mama watoto. Wageni hucheka, na mke hucheka pia. Kesho yake anaanza kushinda na chai ya rangi, hamwambii mtu, na juma la pili anaanguka jikoni. Kuna mke naye ambaye humfananisha mumewe na kijana wa jirani. Maneno kama haya hayampunguzii mtu hata gramu moja. Humfundisha kula kwa siri, au kujinyima kwa siri, na siri ya aina yoyote ni nyufa katika ndoa.

Mtakatifu Paulo awaandikiapo Waefeso anawataka waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe. Hakuna anayeutangazia umma aibu ya mwili wake. Basi mazungumzo haya yafanyike faraghani, kwa upole, na yaanze na afya, si sura. Afadhali kusema, "Mama watoto, nataka tuzeeke pamoja. Twende tukapimwe presha sisi sote wawili," kuliko kusema, "Umenenepa mno." Neno kubwa hapo ni "sisi sote wawili".

Kalori ni nini

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Ile tunayoitaja katika somo hili, ambayo kwenye pakiti huandikwa kcal, ni joto linalotosha kuongeza nyuzi moja katika kilo moja ya maji. Mwili huchoma kalori hata mtu akiwa amelala, kwa maana moyo, mapafu na ubongo havipumziki. Chakula kikizidi matumizi, ziada huwekwa kama mafuta mwilini. Chakula kikipungua, mwili huenda ghalani kuchukua akiba.

Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Gramu moja ya pombe ina kalori 7. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na chapati moja kubwa iliyokaangwa vizuri inaweza kufika 300. Soda ya nusu lita ina kalori karibu 210, na bia ya nusu lita karibu 200.

Jinsi ya kupata kipimo chako

Wataalamu hutumia kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Chukueni kalamu na karatasi mfanye hesabu pamoja.

Kwanza, zidisha uzito wako wa kilo kwa 10. Pili, zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25, ujumlishe. Tatu, zidisha umri wako kwa 5, uondoe. Mwisho, mwanamume aongeze 5, na mwanamke aondoe 161. Jibu ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia kabisa.

Kisha zidisha jibu hilo kwa namna ya maisha yako: kwa 1.2 kama unakaa karibu siku nzima, kwa 1.375 kama unatembea kiasi; kwa 1.55 kama kazi yako ni ya kusimama na kutembea sana. Hapo utapata kalori zinazoulinda uzito wako usipande wala kushuka.

Tuchukue mfano wa mke wa miaka 40, mwenye kilo 82 na urefu wa sentimita 160, ambaye anatembea kiasi. Hesabu yake ni 820, jumlisha 1,000, ondoa 200, ondoa 161: anapata 1,459. Akizidisha kwa 1.375 anapata kama 2,000. Mumewe ana miaka 45, kilo 94, urefu wa sentimita 172, na hukaa ofisini. Yeye ni 940, jumlisha 1,075, ondoa 225, ongeza 5: anapata 1,795. Akizidisha kwa 1.2 anapata kama 2,150.

Sasa kila mmoja aondoe kalori 500 kwa siku. Mke atakula 1,500, na mume 1,650. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 500 kila siku huleta kushuka kwa karibu nusu kilo kwa juma. Haya ni makadirio, wala si sheria ya Musa. Juma la kwanza waweza kushuka zaidi kwa sababu ya maji, na baadaye mwendo hupungua, maana mwili mdogo hutumia kidogo. Kila mnapopungua kilo 5, fanyeni hesabu upya.

Mstari usiovukwa

Hapa ndipo penye hatari, nami naomba msome polepole. Kwa kawaida mwanamke asile chini ya kalori 1,200 kwa siku, na mwanamume asile chini ya 1,500, isipokuwa akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Chini ya hapo ni vigumu kupata madini, vitamini na protini za kutosha. Anayepungua kwa kasi sana hupoteza nyama ya misuli pamoja na mafuta, huweza kupata vijiwe vya nyongo, huchoka, huwa mkali kwa watoto, na mara nyingi hurudia uzito wake wote.

Msichukue kipimo cha jirani. Fikirieni mama wa miaka 60 mwenye kilo 68 na urefu wa sentimita 152, ambaye hukaa sana. Kanuni yampa 1,169, na kwa maisha yake ni kama 1,400. Akiondoa 500 atabaki na 900, nayo haitoshi. Yeye aondoe 200 tu, ale 1,200, na aongeze kutembea. Atapunguza kilo moja kwa muda wa majuma matano au sita. Ni polepole, lakini ni njia salama.

Wafuatao wasianze kabla ya kuonana na daktari: mama mjamzito na anayenyonyesha, ambao kwa kawaida hawapaswi kujipunguza, mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafla na kumwangusha, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua. Kijana anayekua asiingizwe katika hesabu hii ya watu wazima.

Jihadharini pia na chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa vichochoroni. Chai nyingi za namna hiyo huharisha tu. Kinachotoka ni maji, mafuta yanabaki palepale. Dawa halisi za kupunguza uzito zipo, zikiwemo sindano, lakini ni daktari anayeziandika baada ya kumpima mtu.

Kwa wenye kufuata njia ya Billings

Wanandoa wanaopanga uzazi kwa kufuata dalili za mwili wa mke wanapaswa kujua jambo hili. Kujinyima kupita kiasi huweza kuchelewesha kupevuka kwa yai, kuvuruga hedhi au kuisimamisha kabisa. Kwa upande mwingine, mwanamke mnene ambaye hedhi yake ilikuwa haieleweki huweza kurudishiwa mzunguko wake, na uzazi wake, baada ya kupungua kiasi. Kwa hiyo wakati wa kupunguza uzito andikeni chati yenu kwa uangalifu zaidi, msitegemee mazoea ya miezi iliyopita. Hedhi ikikosekana, mwende kliniki.

Sufuria moja, sahani mbili

Haifai nyumba iwe na vyakula vya aina mbili, kimoja cha "wagonjwa" na kingine cha wengine. Pikeni sufuria moja. Tofauti iwe katika kupakua. Huu hapa mfano wa siku moja ya kalori 1,500, kwa vyakula vya soko la Kangemi au Kawangware:

Asubuhi: kikombe cha chai chenye nusu kikombe cha maziwa na kijiko kimoja kidogo cha sukari, 100, nduma ya kuchemsha gramu 150, 210, yai la kuchemsha, 75. Jumla 385.

Saa nne: ndizi mbivu moja, 100.

Mchana: githeri ya mahindi makavu gramu 60 na maharagwe makavu gramu 40, 350, kabichi na karoti, 40, mafuta kijiko kimoja cha chai, 40. Jumla 430.

Jioni: ugali wa unga gramu 80, 290, sukuma wiki sahani ya kutosha, 50, ndengu gramu 30 zilizopimwa zikiwa kavu, 105, mafuta vijiko viwili vya chai, 80. Jumla 525.

Mwisho: chungwa moja, 60.

Mume mwenye kipimo cha 1,650 aongezewe ugali wa unga gramu 40, zipatazo kalori 145. Basi, hakuna zaidi. Siku za nyama au omena, ndengu ziwapishe.

Asiye na mizani ya jikoni ahesabu kwa pakiti. Kilo 2 za unga wa mahindi zina kalori kama 7,200. Pakiti hiyo ikipikwa mara tatu kwa watu watano, kila mmoja amekula gramu 133, yaani kalori 480, kabla ya kugusa mboga. Vivyo hivyo mafuta: lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa juma, kila mtu hula kalori kama 230 za mafuta ya kupikia kila siku. Acheni kumimina kutoka kwenye chupa. Pimeni kwa kijiko. Mkipunguza nusu, mmepunguza kalori 115 kwa kila mtu, na fedha zimebaki mfukoni.

Angalieni sukari pia. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 12, sawa na kalori 190 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, ambayo ni kama vijiko sita.

Kinacholiwa mjini

Kuna nyumba ambayo mke anapima kila kitu, lakini mume hapungui. Tukiuliza twakuta kwamba Ijumaa jioni yeye na wenzake hupitia nyama choma Kenyatta Market. Bia tatu peke yake ni kalori 600. Zimemaliza upungufu wa siku nzima kabla nyama haijaletwa. Kuna pia mke anayekula kidogo mezani, lakini ameonja sufuria mara kumi na kumaliza makombo ya watoto. Hakuna haja ya kupelelezana. Kila mmoja aandike katika daftari alichokula, naye mwenzake asiligeuze daftari hilo kuwa fimbo.

Na tutembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Anayetoka Waiyaki Way aweza kushuka Museum Hill na kwenda kwa miguu hadi katikati ya jiji, kilomita mbili na kitu; mtu wa kilo 80 hivi atatumia kalori zipatazo 100. Jumapili baada ya Misa, mume na mke waweza kuzunguka Arboretum pamoja. Huko hupata mazoezi, na hupata pia saa moja ya kuongea pasipo simu na watoto, jambo ambalo ndoa nyingi za mjini zimelikosa.

Mfungo si dawa ya kupungua

Wengine hungoja Kwaresima wapunguze uzito. Tusichanganye. Mfungo ni toba na sala, na tunachojinyima ni cha kuwapa maskini. Sheria ya Kanisa inawadai mfungo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu wale waliotimiza miaka 18 mpaka waingiapo mwaka wa 60, nao huruhusiwa mlo mmoja kamili na vyakula viwili vidogo. Mgonjwa na mama mwenye mimba hawalazimiki. Kama Kanisa lenyewe lina kiasi hicho hata katika toba, sisi tunapata wapi ruhusa ya kujiua njaa kwa ajili ya gauni?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu 2288 hadi 2290, inatufundisha kwamba afya ni zawadi ya Mungu tunayopaswa kuitunza kwa busara, kwamba tusiuabudu mwili, na kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila upitaji kiasi wa chakula na pombe. Angalieni pande zote mbili: anayekula bila kipimo na anayejinyima bila kipimo, wote wamekosa kiasi.

Lengo dogo la kuanzia

Msiweke lengo la kurudia mwili wa siku ya arusi. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa sasa kwatosha kuanza kuteremsha presha na sukari. Kwa yule mke wa kilo 82, asilimia 5 ni kilo 4 tu. Akienda vizuri ni kazi ya miezi miwili au mitatu. Jipimeni mara moja kwa juma, siku ileile, kwa mizani ileile. Juma moja lisiposhuka msigombane. Angalieni mwezi mzima. Na majirani wakiuliza, mume ndiye ajibu kwa sauti: "Tunatunza afya, mimi na mama watoto." Jibu hilo humfunga mdomo mnong'onaji kuliko maelezo marefu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Je, ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulipimwa presha, sukari na uzito?
2. Je, kuna neno nililomwambia mwenzangu juu ya mwili wake ambalo bado linamchoma? Nitamwomba radhi namna gani?
3. Lita ya mafuta na kilo ya sukari hukaa siku ngapi nyumbani kwetu?
4. Ni chakula kipi tunakila kwa sababu ya njaa, na kipi kwa sababu ya uchovu au hasira?
5. Je, jumuiya yetu yaweza kuandaa maji, matunda na njugu badala ya soda na mandazi kila tunapokutana?

Jioni ya leo, kabla ya kupakua, shikaneni mikono mbariki chakula pamoja. Mwombeni Mungu awape kiasi mezani na upole mdomoni. Kisha kila mmoja ampakulie mwenzake.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu.